Mashua Iko Wapi?

Mdogo wangu aliendesha kifaru chake cha kijani mpaka ukingoni mwa maji, kikagoma. Akabonyeza juu tena. Kifaru kikanguruma palepale.

"Kaka, mashua iko wapi?"

Nikamwambia atulie, itatoka. Tulikuwa tumekaa mbele ya kompyuta yangu, kila mtu na pedi yake, tukicheza Battle City kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Niliitafuta gemu hii kwa ajili ya ujio wake, na nilihakikisha ni yenyewe kabisa, ile waliyoitoa kampuni ya Namco mwaka 1985 kwa Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, si mojawapo ya zile zilizochakachuliwa. Tukapita steji ya kwanza, ya pili, ya tano. Ikatoka nyota. Ikatoka kofia ya chuma, saa, bomu, koleo, na kile kifaru kidogo kinachokuongezea roho. Tulipofika steji ya kumi na kitu macho yalishachoka, tukazima tukaenda kulala.

Mashua haikutoka.

Aliporudi kwake niliendelea peke yangu usiku baada ya usiku. Kila nilipoona maji nilisubiri. Kila kilipotokea kifaru kinachomulika-mulika kwa wekundu nilikifukuza, nikakipasua, nikatazama zawadi imeangukia wapi. Kofia. Nyota. Koleo. Kofia tena.

Wiki ya pili ndipo nilipokubali kutafuta jibu, nalo lilikuwa fupi. Battle City haina mashua. Haijawahi kuwa nayo.

## Kaseti yetu

Mashua imo kwenye Tank 1990. Hiyo ni Battle City iliyofumuliwa na wanakili, wakaongeza vyao: mashua ya kuvukia maji, na bastola ya kukupa nguvu kubwa kwa mkupuo mmoja. Wakabadilisha jina kwenye skrini ya kufungulia, kisha ikatawanyika ndani ya zile kaseti za gemu nyingi kwa moja. Unazikumbuka. Orodha ndefu, lakini ukishuka nayo unakuta gemu ni zilezile, zimepewa majina mengine na kuanzishwa steji ya mbele kidogo.

Hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo sisi.

Nilijisikia kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumba aliyokulia akakuta mlango uko upande mwingine. Kwa miaka nimekuwa mtetezi wa gemu hii. Mazungumzo ya gemu za zamani yakianza, watu wakataja Pac-Man na Super Mario, mimi nilikuwa natia neno langu: na ile ya vifaru je? Nilipokuja kujua kwamba jina lake la kweli ni Battle City nilifurahi kama niliyekutana na ndugu aliyepotea. Nikaanza kulitumia jina hilo kwa kujiamini, nikawarekebisha na wengine.

Kumbe nilikuwa natetea gemu ambayo sijawahi kuicheza?

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Nikiwa kazini, nikiwa njiani, linarudi.

## Nakala

Battle City haikuuzwa rasmi huko Marekani kwa NES, yaani Famicom ya huko. Orodha nyingi za gemu bora za zamani tunazosoma zimeandikwa na watu waliokulia huko, na siwalaumu, mtu hawezi kukumbuka asichokiona. Sisi tuliofikiwa nayo tulifikiwa na mashine za kuiga Famicom, kama walivyofikiwa Warusi na ile Dendy yao. Gemu ikaingia kila mahali bila jina lake, bila jina la kampuni, bila kijitabu. Tuliiita gemu ya vifaru, ikatosha.

Kwa hiyo nakala ndizo zilizoisambaza, na nakala hizohizo ndizo zilizoificha.

Udogo wake nao ulichangia. Gemu nzima ni kilobaiti 24 tu: 16 za programu na 8 za picha. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuizidi mara mia. Kitu kidogo namna hiyo unakipachika kwenye kaseti yoyote, penye nafasi yoyote, na hakuna anayelalamika. Nadhani ndiyo maana watu waliizoea mno mpaka wakaacha kuitazama. Ilikuwa ile gemu iliyokuja pamoja na nyingine.

Nikaamua kuitazama. Nikaacha kusubiri mashua, nikaanza upya steji ya kwanza.

## Mngurumo

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba haina muziki.

Kuna ule mlio mfupi wa kufungulia steji, kazi ya mtunzi Junko Ozawa, sekunde chache tu za tarumbeta za kijeshi. Najua ukisoma hapa unausikia. Baada ya hapo, kimya. Kinachobaki ni mngurumo wa injini: mzito ukiwa umesimama, mwepesi ukianza kutembea. Mngurumo huo nilikuwa nao kichwani miaka yote hii bila kujua kwamba ndio sauti yote ya gemu. Unafanya uongee. Hakuna wimbo wa kukufunika, kwa hiyo mnaongea ninyi: njoo kushoto, linda katikati, usinipige mimi!

Kisha matofali. Hapa naomba unisamehe nikae kidogo, maana sijaona gemu nyingine ya wakati ule iliyofanya jambo hili vizuri hivi. Uwanja ni miraba 13 kwa 13. Tofali la mraba mmoja halivunjiki lote kwa mpigo. Risasi moja inamega robo, utepe mwembamba upande ule uliopigia. Piga ya pili, robo nyingine. Zinahitajika nne kulimaliza. Maana yake unaweza kuchonga. Unatoboa ukuta, unajificha nyuma yake na kupiga kupitia tundu. Unakula njia ya pembeni taratibu, unatokea mgongoni mwa adui. Dakika mbili baadaye ukuta uliokuwa umenyooka umekuwa magofu yaliyochongwa na nyote, ninyi na wao, na kila mwanya unajua nani aliutoboa.

Katikati chini yupo tai. Unamlinda kwa ukuta mdogo wa matofali, na akipigwa mara moja tu, gemu ova, hata kama mna roho kumi kila mmoja. Watu wanakumbuka hilo. Wanachosahau ni kwamba risasi yako mwenyewe inamuua pia.

Mimi nilimuua tai wetu mara nyingi kuliko adui. Sisemi kwa kutania. Unarudi mbio kumwokoa, adui ameshapenya, unageuka upande, unafyatua nusu sekunde mapema, na yale maandishi mekundu yanaanza kupanda kutoka chini ya skrini. Mdogo wangu hasemi kitu. Ananitazama tu. Hata juzi, sote tukiwa watu wazima, alinitazama vilevile.

Na ukimpiga mwenzako hafi, anaganda. Anabaki anamulika-mulika palepale kwa muda, haendi popote, huku vita vinaendelea. Aliyebuni jambo hilo alijua watu wawili wa nyumba moja wakoje. Angeweza kuzifanya risasi zenu zipite bila madhara. Angeweza kuzifanya ziue. Akachagua hii ya katikati, kosa linalokugharimu na linalowaacha wote wawili uwanjani mkiwa bado mnahitajiana.

Mtangulizi wake, Tank Battalion ya mwaka 1980, hakuwa na hayo. Pale ulikuwa kifaru chako peke yako na makao yako. Miaka mitano baadaye wakaongeza maji, chuma, msitu, barafu na zawadi, lakini nyongeza kubwa kuliko zote ni ile pedi ya pili.

## Mwenye nyota

Utotoni tulikuwa na imani moja ambayo haikupingwa na mtu: mdogo wangu ana nyota. Vifaru vyekundu, vile vyenye zawadi, vilimpenda yeye. Mimi nikicheza peke yangu vilikuja kwa kuchelewa. Yeye akikaa vilikuja.

Kila steji ina vifaru 20 vya adui. Vya zawadi ni cha 4, cha 11 na cha 18. Kila steji, kila siku, kwa kila mchezaji, iwe mashinani kwangu au kwa mtoto mwingine yeyote aliyewahi kuishika gemu hii.

Niliposoma hivyo nilifungua gemu nikahesabu kwa kidole. Cha 4, chekundu. Cha 11. Cha 18. Nikahesabu steji tatu mfululizo. Halafu nikakaa tu.

Ni jambo dogo, lakini liliuma kuliko mashua. Mashua ilikuwepo kweli, kwenye kaseti yetu. Nyota haikuwepo kwenye kaseti yoyote. Tuliitunga wenyewe, na kwa sababu yake mimi nilikuwa nasogea pembeni kila kilipotokea chekundu ili akipige yeye. Miaka yote nilidhani naheshimu bahati yake. Yeye alikuwa anapiga karibu vyote, kwa hiyo vyote vilikuwa vyake, kwa hiyo alikuwa na nyota. Mduara kamili.

Nilimpigia simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniachia," akasema.

Sikuwa nimeliona hivyo.

## Sahihi iliyofichwa

Huko nilikokuwa natafuta habari za mashua nilikutana na jambo jingine. Ndani ya zile kilobaiti 24 kuna ujumbe. Hauonekani ukicheza. Ili utokee kwenye skrini lazima ubonyeze mfululizo mrefu wa vitufe kwenye pedi zote mbili, kitu ambacho hakuna mtoto angekibahatisha. Unasema kwamba programu hii iliandikwa na Open-Reach, jina la kujificha la mwandishi wake, anayempenda fulani. Mwanamke ametajwa kwa jina. Sitaliandika hapa, kwa kuwa halikuwekwa pale kwa ajili yetu.

Fikiria nafasi ilivyokuwa ya taabu. Steji 35, vifaru vya aina nne, matofali yanayomegeka robo robo, uwanja wa kuchora wenyewe, vyote ndani ya kilobaiti 24. Mtu akabakisha baiti kadhaa, akaweka humo moyo wake, akafunga mlango.

Hapo ndipo jambo langu lilipoanza kugeuka. Kwa wiki mbili nilikuwa napima ya kweli na ya bandia: hii ni ya Namco, hii ni ya wanakili, kumbukumbu zangu ziko upande gani? Ujumbe ule ulinionyesha kwamba hata ile ya kweli ina kitu ambacho mtu alikiingiza kimyakimya, kisichohusu vita wala mauzo. Halafu akaja mtu mwingine, asiyejulikana, akaingiza mashua. Sitetei kunakili kazi ya watu na kufuta majina yao. Walioitengeneza walistahili kujulikana, na nimechelewa miaka mingi kuwajua. Lakini aliyeiingiza mashua aliicheza gemu hii kweli. Alisimama na kifaru chake ukingoni mwa maji, kama mdogo wangu, akataka kuvuka.

Na sisi pia tuliingiza vyetu.

## Mto

Kwenye skrini ya kufungulia, chini ya chaguo la mchezaji mmoja na wawili, kuna la tatu, Construction, yaani ujenzi. Wengi walilipita. Sisi tulikuwa tunaanzia hapo.

Unapewa uwanja mtupu. Kifaru chako ndiyo kalamu. Ukibonyeza, tofali linatokea chini yako. Ukibonyeza tena linabadilika, nusu ya kulia, nusu ya chini, nusu ya kushoto, nusu ya juu, zima, kisha chuma kwa mpangilio uleule, kisha maji, msitu, barafu, halafu tupu. Unashikilia kitufe na kutembea, ukuta unakufuata. Ukimaliza unakwenda kupigana ndani ya ulichokichora.

Mdogo wangu alianza kwa kumzungushia tai chuma pande zote. Adui hawezi kuvunja chuma. Tukacheza mara mbili bila hofu yoyote, mara ya tatu akarudi mwenyewe, akakifuta na kuweka matofali. Hakueleza, na mimi sikuuliza.

Kisha tukapata mto. Maji ya safu mbili, kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia, yanakata uwanja vipande viwili. Adui ng'ambo, sisi huku na tai. Ulikuwa uwanja wetu. Tuliuchora kila tulipowasha mashine, maana kaseti haikuwa na mahali pa kuhifadhi. Ukizima, umekwenda. Kila siku tuliujenga upya, tofali kwa tofali, nusu saa, ndipo tucheze. Na raha yake yote ilikuwa kusubiri mashua itoke ili mmoja wetu avuke.

Wiki iliyopita niliwasha Battle City, hii halisi isiyo na mashua, nikajaribu kuuchora. Mto niliukumbuka. Chini ya mto nikakwama. Nikampigia.

"Safu ya tatu chini ya maji," akasema bila kufikiri. "Matofali nusu, ya chini. Acha mraba mmoja, weka chuma kimoja, acha mmoja. Pembeni kabisa msitu."

"Una uhakika?"

"Msituni ndipo nilipokuwa najificha."

Akanitajia mpaka mwisho, mraba kwa mraba, na kila nilipouweka niliutambua. Alipomaliza nikamwambia sasa nabonyeza, akasema nisikate simu, nimweleze.

Vifaru vya kwanza vikashuka. Vikafika ukingoni, vikagoma. Havina mashua, na mimi sina. Risasi, hata hivyo, zinapita juu ya maji. Kimoja kikasogea katikati, na hapo nikaona kitu ambacho utotoni hatukukiona kwa sababu ya haraka ya kuvuka: mlango wa katikati wanakotokea maadui umenyooka sawasawa na tai. Kila risasi inayopigwa chini kutoka pale inaelekea kwake. Nikakimbilia katikati, nikageuza mtutu juu. Risasi zikikutana zinafutana. Yake, yangu. Yake, yangu.

"Kushoto je?" akauliza.

Kushoto walikuwa wawili, wanamega tofali la pembeni ya tai, robo kwa robo. Nikiondoka katikati, kwisha. Nikibaki, kwisha.

"Sina mtu wa kushoto," nikamwambia.

"Usizime," akasema. "Bonyeza pozi. Nakuja Jumamosi."

Kompyuta haijazimwa mpaka leo. Uwanja upo, mto upo, tofali la kushoto limebaki robo moja.